Kadi ya Marehemu Ingali Sandukuni

Mzee akifariki kijijini Kibakwe, habari hufika kila kaya kabla jua halijatua. Vijana hushika majembe na sururu, akina mama hujitwika kuni na maji, mwenyekiti wa kijiji huwahi msibani. Tanga likishaanuliwa, wanandugu huketi kugawana mbuzi, shamba na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kadi ya mpiga kura hubaki sandukuni, imefungwa kwenye kanga. Hakuna anayeidai.

Ndivyo jina lake linavyobaki kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Tangu mfumo wa alama za vidole, BVR, ulipoingia mwaka 2015, aliyejiandikisha mara mbili anaweza kunaswa kwa vidole vyake mwenyewe. Marehemu hanaswi hivyo. Lazima aliye hai aende kituoni kumsemea.

Uboreshaji wa daftari ulipozinduliwa Kigoma, Julai 2024, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitarajia kuwaondoa watu 594,494 waliopoteza sifa, waliofariki wakiwamo, kati ya 29,754,699 waliokuwamo. Ni kama wawili katika kila mia. Kwa jirani zetu Kenya, ukaguzi wa daftari lao uliofanywa na kampuni ya KPMG mwaka 2022 ulikuta majina 246,465 ya marehemu. Ili kuwapata marehemu, lazima vifo vyenyewe viwe vimeandikwa mahali. Sheria yetu inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini vijijini cheti cha kifo hutafutwa pale panapokuwa na mafao, kiwanja au akiba ya benki. Mkulima wa mtama aliyeacha shamba na zizi huzikwa bila karatasi.

Mwaka 2024 ulileta pia mkanganyiko ambao naona haukuelezwa vya kutosha. Oktoba 11 hadi 20 watu waliitwa tena kujiandikisha, safari hii kwenye orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, uliosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia serikali za mitaa, si na Tume. Orodha ile si daftari. Aliyemwambia mwandishi wa orodha kwamba mama yake amefariki, akarudi nyumbani akidhani amemaliza, hakuwa amegusa daftari hata kidogo.

Kufuta nako kunataka uangalifu, na kwetu Ugogo zaidi. Mjukuu hurithi jina la babu. Mazengo mmoja amelala kaburini, mwingine anachunga ng'ombe bondeni. Wakichanganywa, kijana atafika siku ya kura na kadi yake mkononi akute hayumo. Kwangu kosa hilo ni zito kuliko jina la marehemu lililosahauliwa, maana linamnyima haki mtu anayepumua.

Ndiyo sababu daftari la awali hubandikwa hadharani. Wengi hutafuta jina lao, wakiliona wanaondoka. Wasome na majina ya jirani. Anayeliona jina la mjomba aliyemzika kwa mikono yake amwambie mwandishi msaidizi wa kituo, aende na ile kadi ya sandukuni, na aeleze bayana anayemsema ni yupi: babu, si mjukuu.