Somo la Kumi na Saba: Amani Tunayompa Ndugu Mwenye Ukimwi



Katika somo lililopita tulieleza amri ya kumpenda jirani. Leo twataka kuipima amri hiyo mahali inapotuuma. Katika vijiji vyetu, toka Tunda mpaka Kibombo, na toka Kibombo mpaka Kindu, kuna ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja kwa sauti. Wengine huuita Ukimwi, wengine huuita sida. Wengine hawautaji kwa jina lolote, bali huinamisha kichwa na kusema, "Ana ile." Basi tutaeleza kwanza ugonjwa huo ni nini, kisha kwa nini twawatenga walioupata, na mwisho yatupasa tutende nini.

Tuweke mfano. Mama mjane amerudi kwa wazazi wake kutoka mjini. Mume amekufa, naye mwenyewe amekonda. Siku ya Bwana aenda kanisani, aketi katika benchi. Walio karibu naye wasogea kidogo, kisha wasogea tena, hata mwisho benchi yote imebaki yake peke yake. Katika Misa yetu ya Kikongo, ambayo Roma iliikubali mwaka 1988, twapeana amani baada ya kutubu, kabla ya kupeleka vipaji altareni. Maana asiyepatana na nduguye hastahili kutoa sadaka. Padri asema tupeane amani. Mama yule anyosha mkono. Majirani zake waangalia chini.

Huu ni mfano tu, wala hatumsemi mtu fulani. Lakini ni nani kati yetu asiyeutambua? Punde tu tulimwomba Mungu atuhurumie, na sasa hivi twamnyima mtoto wake mkono.

Ugonjwa huu ni nini

Mungu ameweka katika damu yetu walinzi wanaopigana na maradhi. Ukimwi waletwa na kijidudu kidogo mno kiitwacho virusi, nacho huwaua walinzi hao polepole. Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi, na muda huo mtu huonekana mzima kabisa. Walinzi wakiisha, basi kifua kikuu, kuhara na homa humwingia mtu kama wezi waingiavyo katika nyumba isiyo na mlango.

Virusi hivyo hupita katika njia tatu. Ya kwanza ni tendo la mwanamume na mwanamke. Ya pili ni damu: damu isiyopimwa ambayo mgonjwa huongezewa, sindano iliyokwisha kutumiwa na mwingine, wembe mmoja unaopasua ngozi za watu wengi. Ya tatu ni mama kumwambukiza mtoto, akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika kunyonya.

Sasa sikilizeni vema njia zisizopitisha ugonjwa huu. Haupiti kwa kushikana mikono. Haupiti kwa kula sombe na ugali katika sahani moja. Haupiti kwa benchi, kwa nguo, kwa choo, wala kwa kuumwa na mbu. Haupiti kwa maji ya baraka wala kwa kikombe. Ampaye mgonjwa mkono wa amani haambukizwi neno lolote.

Ugonjwa ulitoka wapi

Wengine husema ugonjwa huu ni uchawi wa shangazi fulani au laana ya ukoo fulani. Wengine husema Mungu amewachagua waovu ili awapige. Maneno hayo si kweli. Wataalamu waliochunguza asili ya virusi hivyo walieleza mwaka 2014 ya kwamba vilianza kuenea katika watu huko Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, yapata miaka ya 1920, vikafuata njia za reli na za mito pamoja na wasafiri. Damu ya mtu mmoja iliyotolewa katika mji huo mwaka 1959 ilihifadhiwa. Ilipopimwa miaka mingi baadaye, virusi vilionekana ndani yake. Wakati ule hakuna aliyejua. Virusi vyenyewe viligunduliwa Paris mwaka 1983. Tangu hapo watu zaidi ya milioni 40 duniani wamekufa kwa Ukimwi.

Basi ugonjwa ulikuwa ukitembea katika nchi yetu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Haukumwuliza mtu dini yake wala ukoo wake. Umempata mume aliyefanya uzinzi, kweli. Lakini umempata pia mke wake mwaminifu, na mtoto wao asiye na kosa. Umewapata wanawake waliotendewa jeuri na watu wenye silaha wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1996 na tena mwaka 1998, vita ambavyo Maniema haikusalimika navyo. Je, tutawaambia nini wanawake hao? Tuwaambie kwamba waliadhibiwa na Mungu? Tutakuwa tumewapiga mara ya pili.

Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Uzinzi ni dhambi, na uaminifu katika ndoa huilinda nyumba na mwili pia. Lakini hukumu ni ya Mungu. Wanafunzi wa Bwana walipomwona kipofu wa toka kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alilikataa swali hilo, akamponya mtu yule. Nasi twaendelea kuliuliza swali ambalo Bwana alilikataa.

Aibu inaua kuliko virusi

Ndugu, hapa ndipo kiini cha somo letu. Zamani Ukimwi haukuwa na dawa. Siku hizi hali si hiyo. Tangu mwaka 1996 waganga hutumia dawa kadhaa pamoja, na leo dawa hizo mara nyingi hukusanywa katika kidonge kimoja cha kila siku. Dawa hizi haziondoi virusi vyote mwilini, bali hufunga nguvu zao. Anayezimeza kila siku bila kuacha aweza kulima, kuzaa, kulea na kuzeeka kama wengine. Tena, virusi vikipungua hata kipimo kisiweze kuviona, mtu huyo hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Na kwa upande wa watoto: kama akina mama 100 wenye virusi hawapati dawa, watoto kati ya 15 na 45 huambukizwa, wakipata dawa na kuzifuata, hesabu hiyo hushuka chini ya 5.

Kama ni hivyo, kwa nini watu wangali wakifa? Sababu ni nyingi: njia mbaya, umaskini, vituo vya afya vilivyo mbali. Lakini sababu moja ni yetu sisi wenyewe. Mtu akiona jinsi tulivyomwachia mjane yule benchi nzima, atasema moyoni, "Mimi sitapimwa kamwe, wasije wakanifanyia hivyo." Mwenye kuogopa hapimwi. Asiyepimwa hapati dawa. Mwingine amepata dawa, lakini huzificha katika chungu cha unga. Wageni wakikaa siku tatu nyumbani, hazimezi siku tatu, na virusi vilivyofungwa huamka. Mke mwenye mimba hunyamaza kwa kumwogopa mama mkwe, na mtoto huzaliwa na ugonjwa ambao ungalizuilika.

Basi tusiseme kwamba sisi hatukumwua mtu. Benchi tuliyoihama siku ya Bwana ina sehemu yake katika kaburi lile.

Nayo serikali yetu imekataza jambo hili. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 huwalinda watu wenye virusi vya Ukimwi, hata wasitengwe wala kubaguliwa. Walakini sheria ya Kinshasa haiketi benchini kijijini. Anayeketi ni mimi na wewe.

Bwana wetu alifanyaje

Katika Torati mwenye ukoma alikaa nje ya kambi, akipaza sauti ili watu wamwepuke. Wazee wetu pia wanakumbuka jinsi wakoma walivyowekwa mbali na vijiji. Mkoma mmoja alimjia Yezu, akapiga magoti. Bwana angaliweza kumponya kwa neno tu, akiwa mbali. Lakini alinyosha mkono kwanza, akamgusa, ndipo akamwambia atakasike. Angalieni utaratibu huo: mkono ulitangulia, uponyaji ukafuata. Alimgusa angali mgonjwa.

Sisi hatuna uwezo wa kuponya. Lakini mkono tunao.

Jirani zetu walifanyaje

Tusidhani kwamba mambo haya hayawezekani. Huko Tanzania, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo, kwa kuogopa kuutaja waziwazi. Huko Uganda, hospitali ya Kikatoliki ya Nsambya, mjini Kampala, ilianza mwaka 1987 kuwafuata wagonjwa nyumbani kwao, ili wasife peke yao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alipofika Uganda mwezi wa Februari 1993, alikwenda Nsambya kuwaona wagonjwa. Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha mwaka 1992 huduma iitwayo PASADA kwa ajili ya wenye virusi na yatima wao.

Ndugu zetu wa madhehebu mengine nao wametufundisha. Mwaka 1992 Gideon Byamugisha, kasisi Mwanglikana wa Uganda, alisema mbele ya watu kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Kasisi alipothubutu kusema, watu wengi waliokuwa wamejificha walipata moyo. Na hapa Tunda hospitali ni ya Wametodisti. Mkatoliki asiache kwenda kupimwa kwa sababu ya jina lililoandikwa mlangoni. Jirani Mwislamu naye ana damu kama yetu. Tumsindikize, naye atatusindikiza.

Yatupasa tutende nini

Maaskofu wa Kongo walitaka tangu mwaka 1961 parokia ziwe na jumuiya ndogo, ambazo wengi wetu twaziita shirika, Wakristu wajuane kwa majina na kusaidiana. Basi kazi hii ni ya shirika hasa.

Kwanza, tutunze siri. Mwenye kuambiwa habari ya ugonjwa na aizike moyoni. Kutangaza ugonjwa wa mwenzio kisimani ni dhambi dhidi ya upendo, hata kama habari ni ya kweli.

Pili, tusindikizane. Njia ya kwenda hospitali ni ndefu kwa mtu mwenye hofu. Mwenye baiskeli ambebe mgonjwa. Mwenye nguvu amlimie shamba siku hiyo. Katekista na wakubwa wa shirika waende kupimwa wa kwanza, hadharani, ili kupimwa kusiwe alama ya ubaya.

Tatu, tusimnyang'anye mgonjwa dawa kwa jina la sala. Wako watu wanaowaambia wagonjwa kwamba wamekwisha kupona kwa maombi, watupe vidonge. Msiwasikilize. Sala na dawa si maadui: twamwomba Mungu mkate, na bado twalima.

Nne, tuwalinde yatima. Baba na mama wakifa, mara husikika neno kwamba mtoto ndiye mchawi aliyewala. Mkristu asiyatamke maneno hayo, wala asikubali mtoto afukuzwe kwa sababu yake. Mtoto huyo na aende shule, ale chunguni pamoja na wengine.

Tano, wachumba wapimwe pamoja kabla ya ndoa, kwa hiari na kwa ukweli. Walio katika ndoa, ikiwa mmoja ana virusi na mwingine hana, wasitengane kwa hasira, bali waende kwa mganga na kwa padri, wapate shauri.

Maswali ya kukariri

Je, ugonjwa wa Ukimwi hupitia njia zipi?
Hupitia tendo la mwanamume na mwanamke, damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Je, mtu aweza kuambukizwa kwa kumpa mgonjwa mkono au kula naye?
Hapana, hawezi.

Je, Ukimwi ni adhabu ya Mungu kwa mgonjwa?
Hapana. Ni ugonjwa, nao huwapata hata wasio na kosa.

Je, Ukimwi una dawa?
Ndiyo. Haziondoi virusi vyote, lakini anayezimeza kila siku bila kuacha aweza kuishi miaka mingi.

Je, kumtenga mgonjwa ni kosa gani?
Ni kosa dhidi ya upendo. Tena huwafanya wengine waogope kupimwa, nao wakafa.

Je, Bwana wetu alimfanyia nini mkoma?
Alinyosha mkono akamgusa, kisha akamponya.

Ndugu wapendwa, siku ya Bwana ijayo mtaingia kanisani. Mkiona benchi yenye mtu mmoja peke yake, msiingoje amri ya padri. Ketini karibu naye. Na saa ya amani ikifika, mkono wenu uwe wa kwanza kunyoshwa. Mungu awabariki ninyi nyote, hasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa wagonjwa na kuona haya. Haya hiyo si yenu. Tutakutana tena katika somo la kumi na nane.