Makombe Matano, Makocha Watano

Malori ya samaki kutoka Kasenga hupita Kasomeno yakielekea Lubumbashi, na habari za mpira husafiri nayo. Wiki ambayo TP Mazembe imefungwa, hukumu huwa imeshatoka kabla dereva hajazima injini: kocha aende. Wa Lupopo, klabu pinzani ya jijini, hucheka, na Badiangwena, mashabiki wa Mazembe, hununa, lakini pande zote mbili hukubaliana juu ya mkosaji.

Ajabu ni kwamba watu wa njia hii wanajua sana miradi inavyokwama. Kumepangwa barabara ya kulipia kuanzia Kasomeno kupitia Kasenga, ivuke mto Luapula kwa daraja hadi Mwenda upande wa Zambia, takriban kilomita 180. Kazi ya namna hiyo ikichelewa, hakuna mzee anayesema dereva wa greda afukuzwe. Watauliza nani alisaini, pesa ilitoka wapi, imefika ngapi. Kwenye mpira maswali hayo hatuyaulizi, wakati Mazembe nayo ni mradi, tena uliopangwa vizuri kuliko barabara nyingi.

Mwenye mradi ni mtoto wa njia hii hii. Moïse Katumbi alizaliwa Kashobwe, kando ya Luapula, katika eneo hilo la Kasenga. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alichukua urais wa klabu mwaka 1997. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuulipia: mchezaji bora alipwe kiasi cha kumfanya asione haraka ya kupanda ndege kwenda Ulaya, na wanaokosekana nyumbani wanunuliwe kwa majirani. Rainford Kalaba alikuwa Mzambia. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011. Kamalondo, jijini Lubumbashi, kukajengwa uwanja wa klabu yenyewe, wenye nafasi ya watu wapatao 18,000, wakati klabu nyingi za Afrika zilikuwa, na bado ziko, wapangaji wa serikali.

Sasa tazama makombe. Ligi ya Mabingwa 2009, kocha Diego Garzitto. Mwaka 2010 Garzitto akaondoka kabla ya kampeni kwisha, timu akapewa Msenegali Lamine N'Diaye, na kombe halikutoka Lubumbashi. Mwaka huo hata Trésor Mputu, nahodha na roho ya timu, alikuwa amefungiwa baada ya vurugu na mwamuzi kule Kigali. Desemba wakaitoa Internacional ya Brazil 2–0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ambako Inter ya Milan iliwafunga 3–0. Mwaka 2015 Ligi ya Mabingwa ilirudi chini ya Patrice Carteron. 2016 likaja Kombe la Shirikisho na Hubert Velud, 2017 likaja tena na Pamphile Mihayo, kijana wa nyumbani aliyewahi kuivaa jezi hiyo. Makombe matano ya Afrika, makocha watano. Ukitaka kusema kocha ndiye aliyeibeba Mazembe, itabidi kwanza useme ni yupi.

Mtu wa Lupopo atanipinga, na ana hoja. Oktoba 2022 Vipers ya Uganda ilikuja Lubumbashi baada ya sare ya 0–0 kwao Uganda, ikapata 0–0 nyingine, ikashinda kwa penalti. Mazembe ikateremka Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Yanga 3–1 Dar es Salaam, kisha 1–0 nyumbani kwake, ikamaliza mkiani mwa kundi kwa pointi 3. Timu iliyocheza mechi mbili na Vipers bila bao ilikuwa imekosa mtu wa kuipanga, hilo silibishi. N'Diaye aliporudi, msimu wa 2023–24 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakatolewa na Al Ahly baada ya 0–0 na 3–0. Kocha alifanya tofauti, na tofauti yenyewe ilionekana kwa macho.

Lakini msimu uliofuata? N'Diaye yuleyule. Mzee mwenye fainali ya dunia kwenye wasifu wake akamaliza wa mwisho katika kundi la Ligi ya Mabingwa lenye Al Hilal, MC Alger na Yanga, pointi 5. Kule Lubumbashi walikuwa wanaongoza 1–0 dhidi ya Yanga hadi dakika za nyongeza, Prince Dube akasawazisha. Dar es Salaam wakapigwa 3–1 tena. Mtu hasahau mpira ndani ya miezi minane.

Kilichopungua ni kile ambacho mpango ulikitegemea. Samatta alikwenda Genk Januari 2016, na baada yake wengi wakafuata, wengine wakiwa wadogo zaidi. Mwaka huo huo wa 2016 Katumbi aliingia uhamishoni kwa sababu za siasa na hakurudi hadi Mei 2019. Makombe ya 2016 na 2017 hayakanushi hili. Yalichezwa na kikosi kilichokwisha kujengwa. Wakati huohuo wapinzani walipata mifuko isiyomtegemea mtu mmoja: ligi ya Tanzania ilisaini na Azam mwaka 2021 mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Hata uwanja, fahari ya mradi, haukutosha kila mara. Oktoba 2023 Mazembe iliikaribisha Espérance katika African Football League, na "nyumbani" ikawa Dar es Salaam, uwanja wa Benjamin Mkapa.

Na nani asema nyumba nzima imeoza? Novemba 2024, wakati wanaume wanaanza hatua ile ya makundi waliyomaliza mkiani, wanawake wa Mazembe walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika huko Morocco wakiwa na kocha Lamia Boumehdi. Jina lilelile, rais yuleyule. Yaani klabu bado inajua kujenga timu pale inapoamua kuijenga. Mimi ningependa viongozi waeleze hadharani kwa nini upande mmoja ulijengwa na mwingine ukawa unazibwa viraka.

Kwa hiyo nikiulizwa, nitagawa lawama hivi: ya 2022–23 waibebe makocha, pamoja na waliowachagua. Ya 2024–25 ni ya wenye klabu, na kumwonyesha N'Diaye mlango hakungeongeza hata pointi moja.