Mtoto Anapoacha Kukua Tumboni

Msiba wa mtoto aliyezaliwa mfu una ukimya wake. Hakuna jina la kutaja, waombolezaji ni wachache, na mama anarudi nyumbani na khanga alizoandaa zikiwa hazijafunguliwa. Hapa Kihesa, kama kwingine Iringa, maneno huanza mapema: amerogwa, ana mkosi, alikosa nini? Nasi wa kanisani tunakimbilia maneno ya Ayubu kabla mama hajalia vya kutosha. Wanafunzi wa Yesu nao walitaka kujua kosa la yule kipofu lilikuwa la nani, na Bwana akawakatalia. Mimi kama muuguzi naongeza hili: mara nyingi kuna chanzo ambacho kliniki ingeweza kukiona.

Mtoto tumboni hupata chakula na hewa kupitia kondo la nyuma. Kondo likipitisha damu kidogo, mtoto hudumaa, baadaye hupunguza kucheza, na asiposaidiwa anaweza kufa. Ndiyo maana muuguzi hupima tumbo kwa futi kama ya fundi cherehani. Kuanzia wiki ya 24 hivi, sentimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Vipimo vya mfululizo kwenye kadi ndivyo vinavyosema. Mama anayeanza kliniki mwezi wa saba hana mfululizo wowote.

Kinachodhoofisha kondo mara nyingi ni shinikizo la damu, lile linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu au kuvimba uso si uchovu wa shamba. Upungufu wa damu nao ni hatari, na kula udongo hakuongezi damu hata ukinukia vizuri namna gani. Ulanzi pia, mama, hata ule mtamu wa asubuhi usio mkali, uache mpaka ujifungue. Kisukari, mimba ya mapacha, na mimba zinazofuatana bila mama kupumzika, vyote vinahitaji macho zaidi. Nasi wa nyanda za baridi husahau malaria, lakini wengi huteremka Pawaga na Idodi kwenye mpunga. Ukienda huko na mimba, chukua chandarua na umwambie muuguzi wako kabla ya safari.

Kaswende: tusione aibu

Hili halisemwi sana kwenye vikao vya akina mama. Kaswende huweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote, mama akawa anaimba kwaya na kulima huku mtoto anaathirika. Utafiti uliofanyika Mwanza na kutolewa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 73 waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, 18 walizaa mfu, yaani robo yao. Kwa wasio na ugonjwa ilikuwa takriban mmoja katika 100. Utafiti mwingine wa huko huko ulionyesha kuwa sindano ya penisilini, dozi moja tu wakati wa ujauzito, iliwaweka waliotibiwa karibu sawa na wasiougua.

Sindano moja! Lakini baba asipotibiwa, mama ataambukizwa tena. Kwa hiyo mume aje kliniki siku ya kwanza, naye atolewe damu. Majibu yakionyesha ugonjwa, mkatibiwe kwanza. Maswali ya nani alianza yatasubiri, na mchungaji yupo kwa hayo.

Mtoto akipunguza kucheza

Wako wanaosema mtoto hutulia karibu na kuzaliwa kwa sababu anajiandaa. Si kweli. Mtoto mwenye afya hucheza mpaka siku ya uchungu. Akipungua kuliko ulivyozoea, usingoje kesho wala usingoje ruhusa ya mama mkwe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuanzia wiki ya 28 lala kwa ubavu, si chali. Na kwa kuwa watoto wengi hufa wakati wa uchungu wenyewe, nauli na mtu wa kukusindikiza viandaliwe mapema. Aliyewahi kuzaa mfu aseme siku ya kwanza kliniki, ili apangiwe kujifungulia hospitali penye upasuaji.

Kwa mama aliyekwisha kufiwa, jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: siku ya tatu hivi maziwa hujaa, ingawa mtoto hayupo. Avae sidiria inayoshika vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, asikamue zaidi ya kupunguza maumivu. Titi likiwa jekundu na homa ikipanda, arudi hospitali. Akina mama wanaokwenda kumwona wabebe uji na kuni, wamfulie nguo. Akitaka kumzungumzia mtoto wake, wamsikilize.