Mto Sabaki Darasani: Jinsi ya Kufunza Jiografia kwa Kutumia Mtandao

Kila msimu wa mvua, maji ya Bahari Hindi karibu na Malindi hubadilika rangi na kuwa ya hudhurungi. Wavuvi, wenye hoteli na watoto wa shule hujionea hali hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa jiografia anapoulizwa matope hayo yanatoka wapi, yanabebwa na nini na yanaishia wapi, mara nyingi hutoa jibu alilokariri kitabuni. Kwa tarakilishi moja au simu moja yenye intaneti, mwalimu anaweza kulifunza somo hilo kwa kuutumia mto wenyewe. Makala haya yanaeleza nyenzo zinazopatikana mtandaoni bila malipo, jinsi zinavyofanya kazi, na mambo ambayo walimu na wazazi wanafaa kuzingatia.

Ramani ya karatasi bado inahitajika

Ramani za topografia zinazotumiwa shuleni nchini Kenya kwa kawaida huwa na kipimo cha 1:50,000. Maana yake ni kwamba sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Mtahiniwa wa KCSE huulizwa maswali ya kusoma ramani, kwa hivyo hakuna programu ya simu inayoweza kuchukua nafasi ya ujuzi huo.

Lakini ramani hizo zina upungufu. Nyingi zilichorwa miongo kadhaa iliyopita, na tangu hapo mito imehama, barabara zimejengwa na vijiji vimekua. Pia, si rahisi kwa mwanafunzi kutazama mistari ya kontua na kuwazia mlima au bonde. Anapofungua Google Earth na kuinamisha picha ili aione ardhi kwa upande, anaelewa mara moja kwa nini mistari iliyokaribiana inaonyesha mteremko mkali. Baada ya hapo anarudi kwenye karatasi akijua anachokitazama.

Picha kutoka angani

Kaunti ya Kilifi ina historia yake katika masuala ya anga. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Setilaiti hiyo ilichunguza nyota. Nyingine huitazama dunia. Landsat ya kwanza ya Marekani ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha za mradi huo hutolewa bure kwa kila mtu. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zilianza kazi mwaka 2015, na zinapofanya kazi mbili kwa pamoja, hupita juu ya sehemu ile ile kila baada ya siku 5. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake ya kuchunguza dunia, Taifa-1, mwezi Aprili 2023.

Mwanafunzi anafaa kujua kipimo cha picha hizo. Nukta moja ya picha ya kawaida ya Landsat ni mraba wa mita 30 kwa mita 30 ardhini, yaani karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100. Nukta ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa mita 10. Ndiyo maana nyumba ya makuti haionekani katika picha hizo, lakini shamba kubwa, msitu wa mikoko au matope ya Sabaki baharini huonekana wazi.

Somo la Sabaki, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuufuata mto. Wanafunzi waanze kwenye mlango wa Sabaki kaskazini mwa Malindi, kisha wapande nao kuelekea bara. Wataona kwamba mto huo huo huitwa Galana unapopita Tsavo, na kwamba Galana huanza pale mito Athi na Tsavo inapokutana. Wakiufuata Athi, watafika katika nyanda za juu karibu na Nairobi. Hapo watatambua kwamba udongo unaofika Malindi umetoka katika mashamba na vilima vya kaunti nyingine.

Hatua ya pili ni kulinganisha majira. Katika tovuti ya Copernicus Browser, mwalimu huchagua picha za Sentinel-2 na tarehe anazotaka. Achague picha zenye mawingu machache, moja ya wakati wa kusi na nyingine ya wakati wa kaskazi. Upepo wa kusi husukuma matope kuelekea kaskazini. Upepo wa kaskazi huyarudisha kusini, upande wa mji wa Malindi. Wanafunzi wajaribu kwanza kukisia matope yataelekea wapi, kisha wafungue picha na kuhakikisha.

Hatua ya tatu ni kutazama miaka mingi. Sehemu ya Google Earth iitwayo Timelapse huonyesha mabadiliko ya ardhi kuanzia mwaka 1984. Wanafunzi wanaweza kufuatilia jinsi mlango wa mto na ufuo wa Malindi ulivyobadilika, kisha watumie rula iliyomo kwenye programu kupima umbali.

Hatua ya mwisho ni kuuliza maswali. Nani anaathirika matope yanapoongezeka? Matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, huhitaji maji safi yanayopitisha mwanga. Mvuvi hutegemea samaki wa matumbawe hayo. Mkulima wa bara naye hupoteza udongo wenye rutuba, na anaweza kuuzuia kwa kuchimba matuta na kupanda miti. Kwa njia hiyo mmomonyoko wa udongo, pepo za msimu, uvuvi na utalii hufunzwa kwa mfano mmoja ambao wanafunzi wanaufahamu.

Bando ikiwa kidogo

Shule nyingi hazina intaneti ya kutegemewa, lakini somo hili halihitaji kila mwanafunzi awe na simu. Mwalimu anaweza kutayarisha picha mahali penye mtandao, azihifadhi, kisha azionyeshe kwa projekta au azichapishe kwenye karatasi. Picha nne zilizochapishwa hutosha kwa makundi manne.

Ramani pia zinaweza kupakuliwa mapema na kutumiwa bila bando. Wengi hawajui kwamba GPS ya simu hupokea mawimbi moja kwa moja kutoka kwa setilaiti, kwa hivyo hufanya kazi hata mahali pasipo na mtandao. Darasa linaweza kutoka nje na simu moja ya mwalimu, lisome latitudo na longitudo ya kisima, lango la shule na kivuko cha mto, kisha liziweke alama kwenye ramani.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya msingi na sekondari iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, ilhali serikali za kaunti husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini na huduma za maktaba. Walimu na wazazi wanaweza kutumia vikao vya umma vya bajeti kueleza mahitaji ya intaneti katika maktaba za kaunti.

Kijiji kisichoonekana kwenye ramani

OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ni ramani ambayo watu wa kawaida huichora wenyewe. Nchini Kenya, mradi wa Map Kibera ulianza mwaka 2009, wakati mtaa huo mkubwa wa Nairobi ulikuwa karibu haupo kwenye ramani za mtandaoni. Vijana wa hapo walipita na vifaa vya GPS wakirekodi njia, shule, zahanati na vyoo.

Wanafunzi wanaweza kufanya vivyo hivyo. Mafuriko yanapotokea, waokoaji hutafuta njia na vijiji kwenye ramani. Kijiji kisichochorwa ni rahisi kusahaulika. Kabla ya kuandika jina la mahali, wanafunzi wawaulize wazee, kwani majina mengi huandikwa vibaya mtandaoni.

Mambo ya kuzingatia

Picha ya mtandaoni si lazima iwe ya leo. Mwanafunzi aangalie tarehe yake kabla ya kutoa hitimisho. Mipaka inayoonyeshwa kwenye programu hizi pia haiwezi kutumiwa kuamua mzozo wa shamba. Kazi hiyo ni ya wapimaji wa ardhi na afisi za ardhi.

Usalama wa watoto ni muhimu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Wanafunzi wasiweke mtandaoni majina yao, picha zao au mahali wanapoishi. Akaunti moja ya mwalimu inatosha kwa kazi ya darasa zima.

Mwalimu anayetaka kuanza achague kitu kimoja kilicho karibu na shule, kama vile mto, ufuo, msitu au barabara mpya. Atafute picha mbili za miaka tofauti, kisha awaulize wanafunzi ni nini kimebadilika na kwa nini.