Jikoni baada ya maji kuingia: usipake rangi juu ya ukungu

Masika yakifika, kati ya Machi na Mei, hadithi huwa ni ile ile katika mitaa mingi ya Pwani. Mitaro huziba, maji hupanda kizingiti, na nyumba nzima hulowa. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilileta balaa hilo hilo wakati wa vuli. Maji yakishatoka, wengi hupiga deki, hungoja siku mbili tatu, kisha humwita fundi apake rangi. Haupiti muda madoa meusi yanachomoza tena juu ya rangi mpya, na harufu ya uvundo inarudi kabatini. Pesa zimekwenda, na mtoto mwenye pumu bado anakohoa usiku.

Ukungu ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo hewani kila mahali, na zikikuta pahali palipolowa huanza kuota baada ya saa 24 hadi 48. Jikoni hupata kila kinachohitajika: unyevu, joto, mbao, na mafuta ya kupikia yaliyogandia ukutani. Kuufunika kwa rangi ni kuuficha tu, kwa sababu unyevu unaoulisha bado umo ukutani.

Kabla ya kugusa chochote

Zima umeme kwenye swichi kuu, ikiwa waweza kuifikia bila kukanyaga maji. Ikiwa huwezi, mwite fundi wa umeme. Friji au soketi iliyoingia maji isiwashwe mpaka ikaguliwe. Mtungi wa gesi uliozama usitumike kabla ya mpira na regyuleta kuangaliwa.

Piga picha kila kilichoharibika. Mpangaji atazihitaji atakapozungumza na mwenye nyumba.

Kumbuka pia kwamba maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Yamepita kwenye mashimo ya vyoo na majaani. Vaa glavu, viatu vilivyofunika miguu na barakoa. Wenye pumu, watoto wachanga na wajawazito wakae mbali na kazi hii. Kama nyumba hutumia maji ya kisima na mafuriko yalikifikia, msiyanywe wala kuyapikia mpaka kisima kisafishwe na kutiwa dawa.

Cha kutupa na cha kuokoa

Hapa ndipo roho huuma. Unga, mchele, mahindi na njugu zilizolowa zitupwe, hata kama gunia lilinunuliwa jana. Kuanika juani hakutoshi. Baadhi ya kuvu wa nafaka hutoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini na isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa Kenya. Msiwape kuku wala mbuzi pia.

Vyombo vya chuma, kioo na udongo uliopakwa vigae huoshwa kwa sabuni na maji moto, kisha hutiwa dawa. Vya mbao na ukindu ni shida, kwa sababu hunyonya maji machafu ndani. Mwiko, kifumbu na uteo vitupwe. Kabati za mbao za maranda zilizofura hazitengenezeki. Kabati za mbao ngumu huweza kuokolewa zikisuguliwa na kukaushwa taratibu kivulini.

Dawa ya kufulia nguo nyeupe yafaa kwa sakafu, vigae na sinki: isizidi kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, baada ya uchafu kuoshwa kwa sabuni. Fungua madirisha unapoitumia. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo wala amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua.

Ukuta ndio kazi yenyewe

Juu ya ukuta wenye vinyweleo, dawa huosha uso tu. Plasta iliyooza au inayolia wazi ukiigonga ibomolewe mpaka kwenye jiwe. Kwangua ukungu ukuta ukiwa umelowanishwa kidogo, ili vumbi lisiruke. Ukungu ukienea zaidi ya eneo la mita moja mraba, afadhali kazi hiyo ifanywe na mwenye ujuzi na vifaa.

Nyumba zetu nyingi za zamani, kama zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa tena. Ukizipiga plasta ya simiti na rangi ya mafuta, umezifunga pumzi: unyevu hubaki ndani, chumvi husukumwa nje kama unga mweupe, na plasta hubanduka. Ukuta wa chokaa urudishiwe chokaa.

Kabla ya kupaka chochote, pima. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne kwa utepe, ukiache siku nzima. Matone yakitokea upande wa ndani, ukuta bado umelowa. Yakitokea nje, unyevu watoka hewani. Ukuta mnene huweza kuchukua wiki nyingi kukauka. Fungua madirisha siku za jua, weka feni ipulize kuelekea nje, na usogeze kabati mbali na ukuta.

Wakati huo huo tafuta chanzo. Bati limetoboka? Bomba chini ya sinki linavuja? Kiwanja cha nje kimeinuka kuliko sakafu? Bila kuziba chanzo, kazi yote ni bure.

Hili linawahusu wenye nyumba pia. Kumpakia mpangaji rangi mpya juu ya ukuta uliolowa si ukarabati. Bati, bomba na mtaro vikitengenezwa kwanza, rangi hupakwa mara moja badala ya kila mwaka, na jiko linakuwa mahali salama pa kupikia watoto.