Anasikia Sauti: Zinatoka Wapi?



Siku moja mama mmoja alikuja zahanati na mwanawe, kijana wa miaka ishirini hivi. Mikono ya kijana ilikuwa na alama za kamba. Mama akasema, "Daktari, mwanangu anajibizana na watu. Mimi siwaoni." Kijana akaniuliza, "Wananisema mchana na usiku. Wewe huwasikii?"

Nilikuwa mgeni kazini. Nikamjibu, "Hakuna sauti. Acha kujisingizia ugonjwa." Kijana akanyamaza. Hakusema neno tena siku ile. Nilikosea. Leo nataka kukueleza kosa langu, ili wewe usilirudie.

Je, kijana alidanganya?

Hapana. Alisikia kweli. Tunasikia kwa kitu gani? Wengi watajibu: kwa masikio. Hiyo ni nusu ya jibu. Sikio hupokea mlio na kuupeleka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaotambua kwamba huyu ni jogoo, huyu ni mama. Ndiyo maana katika ndoto unasikia watu wakizungumza, ingawa chumba ni kimya. Hapo ubongo umefanya kazi peke yake.

Sauti zinatoka wapi?

Nyamaza kidogo, kisha ujiulize moyoni: "Kesho nitalima wapi?" Umejisemea bila kufungua mdomo. Kila mtu hufanya hivyo. Wewe huogopi, maana unajua kwamba maneno hayo ni yako.

Unajuaje? Jitekenye kwapani. Hucheki. Akikutekenya mwenzako, unacheka. Ubongo unapotuma mkono wako, hujipa habari mapema: "Huyu ni mimi." Ni kama mbwa wa nyumbani. Mwenye nyumba akirudi usiku, mbwa hutambua hatua zake, habweki. Akija mgeni, hubweka.

Upo ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika ugonjwa huu habari ile haifiki sawasawa. Ni kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Mtu anawaza mwenyewe, lakini ubongo wake hautambui kwamba wazo ni lake. Analisikia kama sauti ya mtu mwingine. Mara nyingi sauti hiyo humtukana au humwamuru.

Mwaka 1993, madaktari wa London, Uingereza, walipima jinsi damu inavyopita katika ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti. Waliona kwamba sehemu inayotunga maneno ya kusema ilikuwa ikifanya kazi zaidi. Mwaka 2000 wataalamu wa mji huo walichunguza mguso. Wagonjwa wenye kusikia sauti waliona mguso wa mkono wao wenyewe ni sawa na wa mtu mwingine.

Tena, ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini, ambayo hupeleka habari. Katika ugonjwa huu huzidi mahali fulani. Dawa hupunguza nguvu yake, na sauti hupungua.

Basi, ugonjwa huu si uvivu wala adhabu. Duniani humpata mtu 1 hivi katika kila watu 300. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana.

Ufanye nini?

1. Usimfunge kamba, usimpige, usimcheke. Kipigo hakinyamazishi sauti.

2. Usimwambie kwamba anadanganya. Wala usijifanye unasikia. Mwambie, "Mimi sizisikii, lakini najua wewe unazisikia. Twende tukatibiwe."

3. Mpeleke zahanati mapema. Homa kali, malaria, pombe na bangi pia huweza kuleta sauti. Na mtu aliyefiwa huweza kusikia sauti ya marehemu, bila kuwa mgonjwa wa akili. Kwa hiyo lazima apimwe.

4. Sauti zikimwamuru ajiue au amdhuru mtu, usimwache peke yake. Ondoa panga, kamba na dawa za kuulia wadudu. Mpeleke siku hiyo hiyo.

5. Asiache dawa kwa sababu amepata nafuu. Dawa ikimletea kutetemeka au kukakamaa, arudi aelezwe la kufanya. Asiitupe.

Kijana yule yuko wapi?

Mama alimrudisha. Safari hii nilimwuliza, "Zinasema nini?" Akanieleza kwa muda mrefu. Nikamwomba radhi. Katika hospitali ya wilaya alianzishiwa vidonge. Baada ya majuma kadhaa alisema sauti zimekuwa kama redio iliyo nyumba ya pili. Wakati wa palizi aliacha vidonge, na sauti zikarudi kwa nguvu. Sasa anachomwa sindano mara moja kwa mwezi. Analima, na bado siku nyingine anazisikia kidogo. Lakini anajua zinatoka wapi. Na ile kamba, mama yake anafungia mbuzi.

Jadilini darasani:

1. Kwa nini mtu hawezi kujitekenya?

2. Katika kijiji chenu, mtu anayesikia sauti hutendewa nini? Mtabadili nini?