Simu yako haikuvunjwa na sakafu

HEBU itoe simu mfukoni uitazame. Kama skrini ni nzima, shukuru. Kama ina nyufa zilizotapakaa kama utando wa buibui, huenda ushaulizia bei ya kioo kule Luthuli Avenue, ukaamua kuvumilia tu.

Kinachokera ni kwamba iliwahi kuanguka mara kumi na haikufanyika kitu. Kisha siku moja ikateleza kitandani, kwisha! Mbona?

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1920. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa ndege huko Farnborough, alitaka kujua kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko hesabu zinavyosema. Aligundua kwamba kioo kina mikwaruzo midogo ajabu, na mkazo wote hukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo mmoja. Ni kama pakiti ya njugu. Waweza kuivuta hadi utokwe na jasho, lakini ukiing'ata kidogo pembeni, inachanika yenyewe.

Kwa hivyo kuanguka kule kwa mwisho kulimalizia tu kazi. Na usilaumu funguo sana, kwa sababu nyingi ni laini kuliko kioo. Mwenye makosa ni mchanga ulio kwenye vumbi la mfukoni, ambao ni mgumu kukishinda.

Watengenezaji wanalijua hilo. Kioo cha simu nyingi huchovywa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Atomi za potasiamu, ambazo ni kubwa, huchukua nafasi za zile ndogo za sodiamu. Fikiria abiria mnene akikalia kiti cha mwembamba kwenye matatu: kila mtu anabanwa. Uso wa kioo ukibanwa hivyo, mkwaruzo unakosa nafasi ya kufunguka, labda uwe umezama kupita tabaka hilo.

Ukishafunguka sasa, mambo huenda mbio. Ufa kwenye kioo waweza kukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde. Ndiyo maana maabara ya Profesa Jay Fineberg, Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, hupasua jeli iliyojaa maji badala ya kioo. Humo ufa hutembea mita chache tu kwa sekunde, na kamera ya kasi inaunasa hatua kwa hatua. Tangu miaka ya 1990, kikundi chake kimeonyesha kwamba ufa ukizidi kasi fulani huanza kuchipua matawi. Mwaka wa 2023 kikaripoti jambo la kushangaza zaidi: nyufa zilizovunja kikomo cha kasi kilichoaminiwa kwa miongo mingi.

Lakini si kila ufa una haraka. Unyevu wa hewa ukifika kwenye ncha ya ufa, hudhoofisha vifungo vinavyoshikilia kioo, nao ufa ukasonga polepole bila mtu kuugusa. Kwa hivyo ukiamka asubuhi upate umerefuka, usianze kugombana na rumeti wako.